Mbuzi Aliyeachwa Njia Panda

Nje ya ofisi ya mgodi palikuwa na ubao mkubwa uliopakwa rangi nyeupe, wenye misumari iliyopangwa kwa safu. Kwenye kila msumari kilining'inia kisahani cha shaba chenye namba ya mfanyakazi. Mtu akiteremka chini ya ardhi alichukua kisahani chake akakitia mfukoni; akipanda, alikirudisha. Kwa hiyo msumari mtupu ulikuwa na maana moja tu, kwamba mwenyewe bado yuko chini. Mama yangu hakujua kusoma namba, lakini msumari wa baba aliujua. Ulikuwa umepinda upande wa kushoto, chini ya fundo jeusi la mbao lililofanana na jicho la ng'ombe. Kila tulipopita kwenda bombani alitupa macho pale, nami nikiwa nimeshika pindo la kanga yake nikatupa macho pale pale.

Hiyo ilikuwa Geita, miaka ya hamsini ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Tulikaa kwenye laini, zile safu za nyumba za bati ambazo mgodi uliwajengea wafanyakazi. Baba alitoka Samuye, upande wa Shinyanga, akaacha mtama na ng'ombe wa baba yake akafuata mshahara. Majirani zetu walikuwa Wasumbwa, Wazinza, Waha, Wanyamwezi, na fundi mmoja wa pwani aliyeswali kwenye mkeka mbele ya mlango wake. Ndani ya nyumba kila mtu alisema lugha yake. Uani tulisema Kiswahili, kila mmoja kwa namna yake.

Sanduku la vitabu lilikuja kabla ya mvua. Watu wazima walisema limetoka mbali, limeshushwa na treni Shinyanga, likapakiwa kwenye lori hadi kwetu. Lilikuwa la mbao ngumu, lina kufuli, na milango yake miwili ikifunguliwa liligeuka kabati lenye vitabu vimesimama ndani. Likawekwa kwenye jumba la mikutano. Jioni wanaume waliojua kusoma waliazima vitabu na kuvirudisha. Asubuhi jumba lilikuwa tupu, na hapo ndipo mke wa dresa alipoomba ruhusa ya kuwakusanya watoto wadogo, sisi ambao hatujafikia umri wa shule.

Dresa alikuwa mhudumu wa hospitali ya mgodi, mtu mpole asiyependa maneno mengi. Mkewe alikuwa msichana tu, nikifikiria sasa. Alikuwa amesoma shule ya misheni hadi wakampa kazi ya kuwafundisha wadogo, kisha akaolewa na kuletwa kwenye laini ambako hakuwa na wa kumfundisha. Alitandika mkeka, akamwaga mchanga wa mto kwenye sinia, akatuonyesha jinsi ya kuchora kwa kidole. Ba, be, bi, bo, bu. Tulipochoka na mchanga alifungua sanduku, akatoa kitabu, akatusomea hadithi huku akitugeuzia picha.

Nilikwenda siku za mwanzo kwa furaha. Kisha bibi yangu, mama yake baba, akafika kutoka Samuye juu ya lori la pamba, kwa sababu mama alikuwa amejifungua. Siku ya pili yake aliniuliza natoka wapi asubuhi yote.

"Kusikiliza hadithi," nikasema.

Alikuwa anapepeta mtama. Ungo ulisimama mikononi mwake.

"Hadithi gani, jua likiwa hapa?"

Kwa bibi hadithi zilikuwa za jioni, ng'ombe wakiwa wameshafungiwa zizini na kila mtu wa nyumba ameonekana. Hadithi ikisemwa mchana, aliyetoka nyumbani husahau njia ya kurudi. Ng'ombe hupotea, na watu pia. Baadaye maishani nimeuliza watu wa sehemu nyingine, wakaniambia kwao mtoto huota pembe, au mama yake hufa, na wengine wakacheka kwamba yalikuwa maneno ya kuwazuia wachungaji wasikae kuzungumza wakaacha mifugo iingie mashambani. Huenda. Bibi hakulisema kama tishio. Alilisema kama unavyomwambia mtu kwamba sufuria ile ni ya moto.

Baba aliporudi zamu bibi alimkabili mlangoni, kabla hajavua buti.

"Mtoto wako anasimuliwa mchana, na wewe uko chini ya ardhi."

"Mayu, aende," baba akasema, akimwita mama yake kwa Kisukuma. "Anajifunza Kiswahili. Na mama yake anapata kupumzika."

"Ukisahau njia je?"

Baba akacheka. "Njia yangu ni moja tu. Kushuka na kupanda. Nitapotelea wapi?"

Mama, kitandani na mtoto kifuani, naye alicheka. Bibi hakucheka, na mimi niliyekuwa nacheka nikamwona, nikanyamaza. Tangu hapo nilikwenda kwenye mkeka na hofu. Nilipenda hadithi. Lakini kila ilipoanza niliangalia mlangoni, nikaona mwanga wa jua umelala kwenye sakafu kama kitambaa cheupe, nikafikiri juu ya msumari uliopinda.

Bibi alijipa kazi ya kunisindikiza. Asubuhi ya kwanza alisimama mlangoni mwa jumba akamtazama mke wa dresa juu hadi chini.

"Shikamoo, bibi," mke wa dresa akasema.

"Marahaba. Ndiwe unayesimulia mchana?"

"Sisimulii, bibi. Nasoma."

"Tofauti yake ni nini?"

"Hadithi imo humu tayari. Mimi naitoa tu."

"Basi itoe jioni."

"Jioni akina baba wanacheza bao humu. Nikiwaambia wanyamaze, watanitoa mimi."

"Wakutoe," bibi akasema. Akaenda kukaa nje, ukutani, upande wenye kivuli, akafungua kifurushi chake cha pamba akaanza kusokota uzi. Ikawa ndiyo desturi yake.

Asubuhi ninayotaka kuieleza, hadithi ilikuwa ya mbuzi wa bibi kizee mmoja. Kitabu kilikuwa kipya kwenye sanduku. Mke wa dresa mwenyewe alikuwa hajakisoma, alisema tutakijua pamoja. Chumvi ilikuwa imekwisha nyumbani kwa yule kizee, miguu yake haitembei, akamtuma mbuzi wake na mfuko shingoni aende bondeni kwenye chumvi. Mbuzi akaenda, akajaza, akaanza kurudi. Upepo ukavuma ukafuta nyayo zake zote. Akafika njia panda, akasimama. Mke wa dresa alisoma polepole, akifafanua hapa na pale, kidole chake kikitembea chini ya maneno.

"Kushoto palikuwa na moshi. Kulia palikuwa na..."

Honi ya mgodi ikalia.

Honi ile tuliijua kama tulivyojua sauti za mama zetu. Ililia zamu zilipobadilishana, ikanyamaza. Mara hii haikuwa saa yake, na haikunyamaza. Ilipanda na kushuka, ikapanda tena. Mke wa dresa alifunga kitabu bila kuweka kidole ndani, akakirudisha sandukuni, akafunga kufuli. Nilimwona akijaribu kuingiza ufunguo mara kadhaa. Kisha akatuambia twende nyumbani kwa mama zetu, moja kwa moja, akakimbilia hospitali huku ameshika viatu mkononi.

Bibi alikuwa ameshasimama mlangoni. Hakuniuliza neno. Alinishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu ya kuumiza, na tukaenda si nyumbani bali kwenye ubao, kwa maana njia yote ilikuwa imejaa wanawake wanaokwenda huko.

Mama alikuwa amefika kabla yetu, mtoto mgongoni, kanga imefungwa kombo. Hakuwa analia. Alikuwa anatazama msumari. Msumari ulikuwa mtupu.

Nyapara mmoja alisimama juu ya pipa akasema mwamba umeanguka kwenye njia ya chini, watu wanatolewa, watu watulie. Hakusema wangapi wamefunikwa, na nadhani hakujua. Kizimba cha chuma cha kuwapandisha wachimbaji kilipanda, kikatoa wanaume weupe kwa vumbi kama waliopakwa unga. Kila mmoja alikwenda moja kwa moja kwenye ubao, hata kabla ya kumtazama mkewe, akatundika kisahani. Ting. Sauti ndogo sana, lakini umati wote uliisikia, na kila iliposikika mwanamke mmoja alikaa chini palepale alipokuwa. Kizimba kikashuka, kikapanda. Ting, ting. Kisha kikakaa chini muda mrefu.

Hapo ndipo nilipofikiri juu ya mbuzi. Nilimwona waziwazi, mfuko shingoni, kichwa kikigeuka huku na huku, na hakuna wa kumwambia palipo nyumbani. Hadithi ilikuwa imesemwa mchana, na tena ilikuwa haijakwisha. Nilimvuta bibi pindo ili nimwambie, nikaogopa kumwambia. Akainama mwenyewe. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Yule mbuzi," akasema sikioni mwangu. "Bado yuko njia panda."

Nikamtazama. Nilikuwa sijamweleza chochote juu ya mbuzi.

"Hadithi ikifunguliwa mchana ni vibaya," akasema. "Ikiachwa wazi, ni vibaya zaidi. Twende."

Hospitali ya mgodi ilikuwa chumba kirefu chenye veranda. Mke wa dresa alikuwa verandani akichemsha maji kwenye debe, mikono ya gauni imekunjwa, na mbele ya gauni kuna damu. Ndani mtu alikuwa akiguna kwa mwendo mmoja, kama anayebeba mzigo. Bibi aliniambia nisitazame ndani. Nilitazama. Niliona miguu tu, imevaa buti, nikazichunguza buti hizo hadi nikawa na hakika si za baba.

"Mayu," bibi akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa heshima, "mbuzi alikwenda wapi?"

"Mbuzi gani, bibi?"

"Wa chumvi. Umemwacha njia panda. Kushoto kuna moshi. Kulia kuna nini?"

Mke wa dresa alimtazama, kisha akanitazama mimi. Nilitegemea atatufukuza. Alijifuta uso kwa kiwiko.

"Nani yuko chini?"

"Mwanangu. Baba yake huyu."

"Sijui mwisho wake, bibi. Sijakisoma. Ningekuambia." Akaingiza mkono kifuani akatoa ufunguo uliofungwa kwa kitambaa. "Kiko juu, cha kwanza. Kifungueni mtazame."

Dresa akamwita kutoka ndani, naye akainua debe akaingia.

Jumba lilikuwa kama tulivyoliacha. Sinia la mchanga lilikuwa na bu iliyoachwa nusu. Bibi alinipa ufunguo, kwa maana hakutaka kugusa sanduku, nami nikafungua na kutoa kitabu. Tukakaa kwenye mkeka, jua likitupiga magotini. Nilikipata ukurasa wa njia panda kwa picha yake: mbuzi, njia mbili, moshi mwembamba kushoto. Upande wa kulia mchoraji hakuchora kitu, aliacha karatasi tupu. Chini yake palikuwa na maneno, yamepangwa kama misumari ya ubao.

"Soma," bibi akasema.

"Sijui kusoma, bibi."

"Unakuja kila siku."

Niliweka kidole kama nilivyomwona mke wa dresa akiweka. Niliitambua ba, mahali pamoja. Niliitambua ka na la. Zilikuwa kama nyuso za watu unaowajua katikati ya umati, na wengine wote wamekupa mgongo. Nilizitamka. Ka. La. Ba. Hazikusema kitu. Nilielewa kwamba jibu lilikuwa pale chini ya kidole changu, halijafichwa na mtu yeyote, na sikuweza kulifikia.

"Fungua mwisho," bibi akasema.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na picha ya nyumba, bibi kizee amepiga magoti mlangoni, na mfuko wa chumvi umelala chini mbele yake. Mbuzi hakuwepo.

Bibi aliinamisha uso hadi karibu na karatasi.

"Yuko wapi?"

"Hayupo."

"Mfuko umefikaje bila yeye?"

Tulipindua kurasa nyuma na mbele, bibi akanyoosha kidole juu ya kila kichaka kilichochorwa, akiuliza, si huyu, si huyu. Nje honi ilikuwa imenyamaza, na kimya chake kilikuwa kibaya kuliko kelele. Mwishowe bibi alikishika kitabu kwa mikono miwili, akakifunga, akapiga magoti na kusema kwa Kisukuma maneno aliyoyasema kila alipomaliza hadithi zake Samuye, kwamba yamekwisha, kila mtu alale kwake. Sauti yake haikuwa na hakika. Ilikuwa kama mbele yake pana shimo refu lisilo na mwisho, naye anajaribu kulifunika kwa kanga.

Tukarudi kwenye ubao. Kivuli cha ofisi kilikuwa kimefika kwenye miguu ya watu. Mama hakuwa amesogea. Msumari wetu ulikuwa mtupu, na misumari mingine pia, na wanawake wa misumari hiyo walikuwa wamesimama karibu karibu sasa, bila kuzungumza, macho yote kwenye kizimba. Kizimba kilipanda. Hakikuwa na mtu, isipokuwa nyapara, akitikisa kichwa.

Hatukumwona baba akija, kwa kuwa alikuja kwa nyuma. Upande wa pili wa kilima palikuwa na shimo jembamba la kupitisha hewa, lenye ngazi za chuma, ambalo wanawake wa laini hawakulijua. Yeye na wenzake wachache walikuwa wamekatiwa njia na mwamba, wakatambaa hadi huko, wakapanda ngazi gizani kwa sababu taa zao za kabaidi zilikuwa zimezimika, kisha wakatembea kuzunguka kilima. Alipita katikati ya watu waliomgeuzia mgongo. Nilimtambua kwanza kwa buti.

Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kwa shati. Alitoa kisahani mfukoni kwa mkono wa kushoto, kikamponyoka, akashindwa kuinama. Mama alikiokota. Alikitundika kwenye msumari uliopinda, na akaendelea kukishikilia pale kwa kidole, kana kwamba kingeanguka tena.

Bibi alimpapasa mwanawe usoni, shingoni, mabegani, kama anayenunua ng'ombe. Kisha akasema, "Ulisema njia ni moja."

"Nilikosea, mayu," baba akasema.

Misumari mingine ilibaki mitupu siku ile na kesho yake. Mtoto mmoja aliyekuwa akikaa karibu nami mkekani, aliyependa kunivuta nywele, hakurudi. Mgodi uliwapa yeye na mama yake lori la kuwarudisha kwao, upande wa Nyarugusu, na niliwaona wakipakia vyombo. Aliketi juu ya godoro lililokunjwa. Hatukupungiana mikono.

Mke wa dresa alipofungua tena jumba, bibi alisema nisiende. Baba alikuwa nyumbani, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa.

"Lakini ulikuwa dirishani, mayu," baba akasema. "Nimeambiwa. Unasikiliza kila siku."

"Nilikaa kivulini," bibi akasema. "Kivuli ndicho kilichosogea dirishani."

Mama alicheka hadi mtoto akaamka. Bibi naye akacheka kidogo, kisha akarudi kwenye neno lake: hadithi ya mdomoni, mchana, hapana. Alikuwa ameona kwa macho yake. Baba, ambaye miezi michache tu nyuma angemtania, safari hii hakubisha. Nilijua kwamba naye anaogopa, na hilo lilinitisha kuliko yote.

Ni mke wa dresa aliyepata njia. Alikuja nyumbani, akaketi kwenye kigoda mbele ya bibi, akafungua kitabu akaanza kusoma kimya, midomo imefungwa. Bibi alimwinamia, akaweka sikio karibu na mdomo wake.

"Sisikii kitu."

"Hakuna cha kusikia, bibi."

"Na wewe unaipata?"

"Naipata."

Bibi akafikiri. "Basi huko si kusimulia. Huko ni kutazama," akasema. "Kutazama hakujakatazwa."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kusoma, kabla ya shule na kabla ya watoto wengine wa mkeka ule. Wao walijifunza kwa kuimba. Mimi nilikaa pembeni na sinia langu la mchanga, na hadithi ilipoanza kusomwa kwa sauti nilitoka nje nikakaa na bibi, nikingoja. Mke wa dresa alinifundisha kabla na baada. Sikuwa na akili kuliko wenzangu. Nilikuwa na hofu kuliko wao. Kila silabi niliyoipata ilikuwa mtu mmoja zaidi katika umati aliyenigeuzia uso.

Siku nilipoweza, niliomba kitabu cha mbuzi. Nilikaa mgongo ukutani, midomo nimeibana kwa meno, nikaanzia njia panda. Kushoto palikuwa na moshi. Kulia palikuwa na shimo. Nikasimama hapo muda mrefu. Laiti honi ingechelewa kidogo tu, neno hilo lingetufikia siku ile, mimi mkekani na bibi dirishani, na sijui tungefanya nini nalo pale ubaoni. Niliendelea. Mbuzi alifuata moshi. Ukurasa wa mwisho ulisema alifika na kiu, akautua mfuko mlangoni, akaenda nyuma ya nyumba kunywa maji. Ni mchoraji tu ambaye hakumchora.

Nilimwambia bibi, kwa kunong'ona, jua likiwa limeshatua. Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kusokota.

Mkono ulipopona baba alirudi chini. Kila asubuhi alitoa kisahani chake kwenye msumari uliopinda, na kila alasiri nilikaa kwenye kizingiti na kitabu kutoka kwenye sanduku. Sikuchagua kitabu kwa uzuri wake. Nilichagua chembamba, ambacho nina hakika ya kukimaliza, nikasoma haraka, kimya, kidole chini ya maneno, hadi ukurasa wa mwisho, kisha nikakifunga na kukishikilia kifuani nikingoja honi ya zamu ilie kwa saa yake.